Muuguzi Aliyependwa Mno

Filamu ya Miss Evers' Boys, iliyotolewa Marekani mwaka 1997, ilinitoa machozi. Baadaye niliyatilia shaka machozi hayo.

Kisa chake ni cha kweli. Tangu mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwachunguza wanaume weusi 600 wa Kaunti ya Macon, Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa kwamba wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa, kumbe wanatazamwa tu. Hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo, mnamo mwaka 1947, walinyimwa. Madaktari walibadilishana, aliyedumu nao ni muuguzi Eunice Rivers, mweusi mwenzao. Katika filamu anaitwa Evers, na Alfre Woodard anamwigiza kwa ustadi mkubwa.

Sifa ya filamu ni kwamba haimfanyi muuguzi huyu katili. Anawapenda wagonjwa wake, anawasafirisha kwa gari, anawafariji. Kosa lake ni kutaka upendo huo uwe utetezi wake. Nionavyo mimi, upendo huo ndio uliokuwa chombo cha udanganyifu. Daktari mgeni wangeweza kumtilia shaka, yeye hawakumshuku. Kuchomwa sindano ya uti wa mgongo, ambako kulikuwa uchunguzi tu, kuliitwa tiba maalumu ya bure, nao wakainamisha migongo.

Tutaambiwa kwamba mwanamke mweusi wa Alabama ya siku zile hakuwa na nguvu mbele ya madaktari. Ni kweli. Kusema "hii si dawa" kungeweza kumgharimu kazi. Lakini kunyamaza kuliwagharimu wengine uhai.

Nimekuwa mwalimu miaka mingi. Ukiliuliza darasa, "Mmeelewa?" lote huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Na mwalimu anayependwa huitikiwa kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo mwalimu anayeijua kazi yake humsimamisha mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe.

Muuguzi anayemletea mgonjwa karatasi ya kuridhia upasuaji naye afanye vivyo hivyo: "Mzee wangu, hebu nieleze, kesho watakufanyia nini?" Mzee akishindwa kujibu, kalamu irudi mfukoni, na daktari aitwe aeleze upya.