Kalamu ya Msikilizaji: Tahakiki ya Madaftari ya Switchboard ya London

Tahakiki hii inachunguza, kama matini, madaftari ya kumbukumbu ya Switchboard, huduma ya simu iliyoanzishwa London Machi 1974 na wahudumu wa kujitolea ili kuwasaidia wapenzi wa jinsia moja. Sheria ya 1967 ilikuwa imewaondolea jinai wanaume waliofikisha miaka 21, faraghani tu, England na Wales. Scotland ilisubiri hadi 1980. Madaftari hayo, yaliyohifadhiwa Bishopsgate Institute, ndiyo msingi wa podikasti ya The Log Books, iliyoanza 2019.

Ni rahisi kuisifu podikasti hiyo kwa kuwarudishia wapigaji simu sauti yao. Sifa hiyo ina walakini. Madaftari hayakuandikwa na wapigaji, wala hayakukusudiwa umma: mhudumu wa zamu alimwandikia mwenzake wa zamu inayofuata. Anayesikika humo ni msikilizaji. Usemi halisi umegeuzwa kuwa usemi wa taarifa, na mazungumzo marefu yamebanwa katika mistari michache. Kinachoiokoa podikasti ni kuwaalika watu walioishi kipindi hicho wajisimulie kwa nafsi ya kwanza. Hapo ndipo msikilizaji anapotambua umbali uliopo kati ya aliyesema na aliyeandika.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, umbali huo una sura nyingine. Kiingereza mara nyingi humsukuma mwandishi kuchagua kiwakilishi cha mume au cha mke. Kiswahili husema tu “alipiga, akalia, akakata simu”. Mtafsiri wa madaftari haya angepoteza taarifa ambayo katika huduma hii ni ya msingi. Hata hivyo, hasara ya mtafsiri ni kinga ya mpigaji. Katika nchi kadhaa za ukanda wetu, ambako sheria bado inaadhibu mahusiano hayo, kiambishi kisichotaja jinsia ni sehemu ya usiri. Lakini si kinga kamili, kwani jina la mtaa au la mwajiri hufichua kile ambacho sarufi imekisitiri.

Kwa hiyo, wanaoandaa miongozo ya huduma za simu, ziwe za afya, za ukatili wa majumbani au za kundi lolote linaloishi kwa hofu, waamue mapema ni nani atakayesoma kumbukumbu, na zitateketezwa lini. Daftari la zamu ya usiku laweza kuwa hazina ya mwanahistoria; laweza pia kuwa ushahidi mikononi mwa mpelelezi.