Tangazo la kazi lisikuwe picha tu

Bandugu, leo nataka kukosoa ukurasa wetu huu wenyewe. Si kwa ubaya. Ninakosoa na mimi nikiwa ndani, juu kwa miezi saba nilikuwa mmoja wa wale wanaoweka matangazo hapa.

Kila wiki tunaweka ofa za kazi, za staji, za burusi. Karibu zote zinafika kwa namna moja: mtu amepiga picha karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa biro, ao ameskani barua yenye kashe na sahihi, kisha ameituma kwa WhatsApp. Sisi tunaichukua vile vile, tunaandika juu yake "Mutumie na wengine!", tunaona tumemaliza kazi.

Niko na rafiki tuliyemaliza naye chuo mwaka mmoja, mie agronomia, yeye sheria. Yeye haoni. Simu anaitumia kunishinda mimi: Android ya kawaida yenye TalkBack, ile programu inayosoma kwa sauti kila kitu unachogusa kwenye skrini. Siku moja niliweka hapa tangazo la staji kwa watu wa sheria. Akaandika chini yake: "Mutu anisomee, tafazali." Ule ujumbe niliuona. Nikasema moyoni, nitamujibu kisha. Nilikuja kukumbuka siku ya tano. Nikamupigia, nikamusomea yote, mustari kwa mustari. Tulipofika chini, tarehe ya mwisho ya kupeleka dosie ilikuwa jana yake.

Hakukasirika. Aliniuliza tu: "Simu inaniambia 'image', basi. Sasa mie nitajua namna gani kama ni kazi ao ni matanga?"

Swali hili sijaweza kulisahau. Tangazo la msiba tunaliweka kwa picha, ofa ya kazi kwa picha, mkutano wa chama kwa picha. Kwake vyote vitatu ni neno moja.

Tuelewane kwanza kitu kinafanya kazi namna gani. Programu ya kusoma skrini inasoma herufi. Ukiandika "tarehe 15", itatamka "tarehe 15". Ukiweka picha ya karatasi iliyoandikwa "tarehe 15", haikuti herufi, inakuta rangi tu. Mara nyingine inamusomea jina la faili: IMG, namba nyingi, WA, namba tena. Tangu 2016 Facebook inajaribu kueleza picha yenyewe, lakini kwa karatasi zetu mara nyingi inaishia kusema kwamba pengine hii ni picha yenye maandishi. Maandishi gani? Hapo inanyamaza. Na PDF ya skani ni shida ile ile: kwa macho ni barua, kwa programu ni picha.

Kisha huyu rafiki alinionyesha tovuti moja ambapo unaweka ombi la kazi. Sitaitaja, haiko peke yake. Nilifunga macho, nikasikiliza simu yake: "bouton, bouton, bouton". Ni kifungo cha kutuma? Cha kufuta? Aliyeitengeneza aliweka michoro mizuri, akasahau kuipa majina. Mahali pa kuandika jina lako na mahali pa kuandika namba ya simu panasikika sawasawa. Mwishoni wanakuomba uchague picha zenye gari ili kuonyesha kwamba wewe ni mtu. Rafiki yangu ana lisansi, lakini pale alishindwa kuonyesha kwamba ni mtu.

Haya yote yana kanuni, na si za jana. Shirika la W3C lilitoa mwongozo wake wa kwanza, WCAG, mwaka 1999; toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Unasema mambo ya wazi kabisa: picha iwe na maelezo, kifungo kiwe na jina, video iwe na maandishi kwa asiyesikia, rangi ya herufi itofautiane na rangi ya nyuma angalau kwa 4.5 kwa 1. Unasema pia ukurasa utaje lugha yake. Kwetu hiyo ni muhimu sana, juu tunachanganya Kifaransa na Kiswahili, na simu inaishia kusoma "wanafunzi" kwa mdomo wa Paris.

Na sheria? Nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Kifungu cha 9 kinataja habari na mawasiliano, hata intaneti. Tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za hao ndugu. Jirani Kenya, mwaka ule ule 2022, ilitoa kiwango chake cha vifaa na huduma za kidijitali, KS 2952. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya kusema hakuna aliyetuambia.

Najua watu watanijibu nini. Wa kwanza atasema: "Hapa hakuna kipofu anayetufuata." Utajuaje? Ukifunga njia ya shamba lako, usishangae hakuna mununuzi anayefika. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu bilioni 1.3 wenye ulemavu mkubwa, mtu 1 kwa kila 6. Kolwezi haiko nje ya dunia.

Wa pili atasema ni gharama. Waandaaji wa Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 walisema hivyo hivyo, pale Bruce Maguire, mtu asiyeona, alipolalamikia tovuti yao. Tume ya haki za binadamu ya Australia ilimupa haki, wakaamriwa kumulipa dola 20,000 za Australia. Kwetu gharama ni dakika kumi za kuandika tangazo kwa vidole.

Wa tatu atasema kuna programu za kutoa maandishi kwenye picha. Ziko, na rafiki yangu anazo. Lakini mupe karatasi iliyopigwa picha upande, na kashe juu ya tarehe, uone kama 13 haitakuwa 18. Kwa ofa ya kazi hizo siku tano ndizo kazi yenyewe.

Sisi wa agronomia tunajua jambo moja: nafasi kati ya mistari ya mahindi unaipanga siku ya kupanda. Mwezi wa pili, mahindi yakiwa yamesongana, huwezi tena kuyasogeza. Utang'oa tu na kupoteza. Tovuti na matangazo ni vile vile. Kulifanya vizuri mwanzoni ni kazi ndogo, kulirekebisha kisha ni taabu.

Tena faida haiishii kwa wasioona. Niko na wadogo zangu Musumba, kule Kapanga, ambako mtandao unakuja na kuondoka. Tangazo la herufi 1,500 lina uzito wa kilobaiti moja na nusu hivi. Picha yake inaweza kupita kilobaiti 150, mara mia. Picha inazunguka tu, mega zinaisha, tangazo halijafunguka. Maandishi yanafika.

Ninaomba, basi, tukubaliane kwa ukurasa huu: kila picha ya tangazo iandikwe chini yake kwa maneno, yote, si kichwa tu. Tarehe ya mwisho iwe mustari wa kwanza. PDF ya skani isiende peke yake. Video yenye maneno iwe na maandishi. Na mtu akiandika "munisomee", ajibiwe siku ile ile, ajibiwe na yule aliyeweka.

Wiki hii nimerudia matangazo yangu yote ambayo tarehe haijapita, yalikuwa tisa. Nimeyaandika upya kwa maneno. Usiku mmoja ulitosha. Ile staji imepata mtu mwingine, hiyo siwezi kuirekebisha. Nimemutumia rafiki yangu haya tisa. Amejibu kwamba mawili yanamufaa, na kwamba tarehe ya moja nimeiandika vibaya. Alikuwa na haki. Nimeirekebisha.