Mjukuu mwenye pasipoti

Riwaya ya Hafsa Zayyan, We Are All Birds of Uganda (2021), inamleta Sameer, wakili kijana wa London, mpaka Kampala alikoishi babu yake Hasan. Ni familia ya wale Wahindi ambao Idi Amin aliwapa siku 90 tu waondoke, mwaka 1972.

Barua za Hasan kwa mkewe marehemu ndizo zilinikamata. Mzee analilia mke, analilia biashara, na dharau yake kwa Waafrika inatokeza humo humo. Mwandishi hamsafishi. Safi kabisa.

Upande wa mjukuu ni mwepesi. Anatua, anatembezwa, anapenda. Mimi nikipanda Nakasero, kilima ambako wapelelezi wa Amin walitesea watu, naona riwaya ingekaa zaidi kwenye ile pasipoti ya Sameer. Waliofukuzwa walipata sheria ya 1982 ya kudai nyumba zao. Sisi wa Nakivale je? Hati ya kusafiria ya mkimbizi inakupeleka nchi nyingi, isipokuwa ile uliyoikimbia, na makaburi ya wazee yako kulekule.

Ukikipata kitabu, barua usiziruke.