Loji Nzuri, Kijitabu cha Uongo

Kwenye kurasa hizi tumezoea kuchambua vitabu na filamu. Leo nachambua kijitabu cha kurasa nane nilichokikuta kando ya kitanda, pamoja na loji inayokitoa. Jina la loji naliacha. Iko kusini ya mji wa Rumonge, njia ya kwenda Nyanza-Lac, pale pale kando ya Ziwa Tanganyika. Nililala usiku mbili, tulikuwa kwenye mafunzo ya viongozi wa vijana.

Nianze na sifa, maana ni haki yao. Nyumba ni za miti na nyasi, umeme ni wa jua, hakuna jenereta ya kupiga kelele. Maji ya kuoga unaletewa kwa ndoo, na yanayobaki yanamwagiliwa migomba. Choo ni cha shimo, ukimaliza unamwaga majivu. Tulikula mukeke wa kuchoma na ndizi za mawese, na kwa mawese Rumonge haina mpinzani. Mama mmoja wa makamo anayehudumia wageni alitupokea kama watoto wake waliotoka shule.

Sasa kijitabu. Kinasema, kwa Kifaransa kizuri, kwamba mgeni anayeoga kwa ndoo anaishi kwa upole na dunia. Nilicheka peke yangu. Kambini tuko na ndoo, tuko na taa ya jua, tuko na choo cha majivu, na maji ya kufulia tunamwagilia mchicha. Kumbe miaka yote hii naishi kwa upole na dunia, na hakuna aliyenipongeza! Kwetu sisi mambo hayo hayo yanaandikwa kwenye ripoti kama uhitaji. Sisemi loji ibadilishe vyoo vyake, ni vizuri. Nasema tofauti haiko kwenye ndoo. Iko hapa: mgeni amechagua ndoo, na Jumapili ataiacha.

Hilo ni la kucheka. Lililoniuma ni ukurasa wa tatu, pale wanaposema hapa ni pori lisiloguswa, ufukwe usio na watu.

Usiku wa kwanza nilitoka nje. Ziwa lilikuwa limejaa taa za wavuvi wa ndagala. Nilihesabu hadi arobaini na kitu, nikachoka. Kila taa iko na watu chini yake, na kila mmoja ana nyumba inayomsubiri. Ng'ambo, gizani, ni rasi ya Ubwari, upande wa kwetu Fizi. Januari 2018 maelfu ya watu walivuka kutoka Kivu Kusini kuja pwani hii ya Burundi, wakikimbia mapigano. Mimi nilikuwa mmoja wao, niko na miaka kumi na sita, mdogo wangu amelala mapajani. Tulishukia kwenye mchanga kama ule wa loji. Na watu wa pwani hii, hao ambao kijitabu kinasema hawapo, ndio walitupa uji wa kwanza.

Hata hilo pori, tuliangalie vizuri. Msitu wa Kigwena, ambao kijitabu kinausifu, ni kipande kilichobaki kati ya michikichi na vijiji, na kimebaki kwa sababu unalindwa. Mauaji ya mwaka 1972 yalipoanza, watu wengi wa Rumonge walikimbilia Tanzania. Waliporudi baada ya miaka mingi, wengi walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Na upande wa Tanzania, kusini zaidi, iko Mahale, hifadhi ya taifa tangu 1985, ambako watalii wanalala ufukweni ili waone sokwe. Watongwe waliokuwa wakiishi kwenye milima ile walihamishwa katika miaka ya 1970, kabla ya hifadhi kuanzishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia mahali fulani ni patupu, muulize kwanza: waliokuwepo walienda wapi?

Najua mtu atanijibu kwamba kijitabu ni biashara, mgeni anataka utulivu. Sawa. Lakini utulivu na watu vinakaa pamoja. Taa zile arobaini hazikuninyima usingizi, ziliniletea. Mgeni angeambiwa ni taa za nani, angezitazama zaidi.

Asubuhi ya kuondoka nilimtafsiria yule mama ukurasa wa tatu. Aliniangalia kidogo, akaonyesha mwembe mkubwa nyuma ya jiko.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa chini ya mwembe ule. Nyumba ya baba ilikuwa hapo."

Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Loji naipa alama nzuri, na ningerudi. Kijitabu kiandikwe upya, na mwandishi wake aanzie kwa huyo mama.