Faili 291 Halikupaswa Kwenda kwa Wote kwa Mpigo

Skrini za bluu za Ijumaa ile, Julai 19, 2024, tuliziona sote, kwa hiyo za viwanja vya ndege sizirudii. Nakaa kwenye uamuzi mmoja tu, maana CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikosea kabla kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haijaanguka.

Saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu, faili 291, sasisho la maudhui ya Falcon, programu yao ya ulinzi, lilianza kwenda kwa kila Windows yenye Falcon toleo la 7.11 au la baadaye iliyokuwa hewani. Halikupita kundi dogo kwanza. Mafundi wengi waangalifu walikuwa wameipanga Falcon ibaki nyuma toleo moja au mawili, ili hitilafu ijulikane kabla ya kuwafikia. Kumbe mpango huo uliihusu programu yenyewe. Mafaili ya maudhui hayakuwa chini yake. Mteja alidhani amejikinga, na hakuna aliyemuuliza. Tena maudhui hayo husomwa na draiva iliyo ndani ya kerneli, inayoamka mapema kompyuta inapowaka. Ikianguka huko hakuna wa kuidaka: mashine inazima, inawaka, inazima tena.

Hapa Korogwe, fundi akimaliza breki za basi la Lushoto hulijaribu tambarare kabla halijapanda kona za Soni. Na hilo ni basi moja. Hawa walipandisha yote kwa pamoja, abiria wakiwa ndani. Dakika 78 baadaye faili likarekebishwa; kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeathirika.

Kosa lenyewe ni la safu: nafasi 21 zilitarajiwa, programu ikaleta thamani 20, draiva ikasoma ya 21 nje ya mpaka. Majaribio ya awali hayakulinasa kwa kuwa nafasi hiyo iliwekewa alama ya kukubali chochote. Nimelisema miaka mingi na nalisema tena: mipaka ya safu ikaguliwe kila mara.

Uchunguzi ulifanywa vizuri: nakala ya memori ikaitaja csagent.sys, draiva ya Falcon, na tiba ikawa kuingia hali salama na kulifuta faili. Ila penye BitLocker, kufuli la diski la Windows, ilitakiwa namba ya tarakimu 48 kwa kila mashine, na wengine walikuwa wameihifadhi kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka.

Ripoti ya CrowdStrike ya Agosti 6, 2024 ilisema maudhui yatatumwa kwa awamu na mteja atachagua. Uchaguzi huo ulitakiwa uwepo Februari, toleo la 7.11 lilipotoka.