Shule Iliyozama

Mjukuu wangu aliniletea filamu ya White Squall akisema, "Babu, hii inamhusu mwalimu mkuu kama wewe." Ni filamu ya mwaka 1996, mwongozaji wake Ridley Scott. Nimeitazama mara mbili, na mara ya pili niliikatiza nikaenda kukaa barazani.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mmarekani Christopher Sheldon na mkewe Alice, ambaye alikuwa daktari, waliigeuza merikebu ya matanga, Albatross, kuwa shule. Vijana wa sekondari walifanya kazi za mabaharia, huku wakisoma masomo ambayo yangehesabiwa watakaporudi shuleni kwao. Tarehe 2 Mei 1961, katika Ghuba ya Meksiko, upepo wa ghafla uliilaza merikebu hiyo, ikazama karibu papo hapo. Walikufa sita: Alice, mpishi, na wanafunzi wanne.

Dhoruba imepigwa picha kwa ustadi mkubwa, sina neno. Jeff Bridges naye, katika nafasi ya nahodha, ana ule ukimya wa mtu aliyezoea kutiiwa. Lakini mimi nilikuwa naitafuta shule, na shule sikuiona vizuri. Yupo mwalimu wa Kiingereza, vitabu vipo, mitihani inatajwa. Kisha kamera inakimbilia kwenye kamba na vifua wazi. Baharini mwanafunzi hupima kimo cha jua saa sita mchana, akafungua majedwali, akapata latitudo ya chombo chake. Akikosea hesabu, chombo hakipo pale anapodhani. Sisi pembe tulizifundisha kwa chaki ubaoni, na aliyekosea alipata mkasi mwekundu tu! Hilo ndilo somo linalostahili kuhesabiwa, na filamu imelipita kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria.

Badala yake tunaonyeshwa kwamba elimu ni kuvunja woga. Kijana Gil anaogopa kupanda juu. Nahodha anamlazimisha apande mlingoti, wenzake wakitazama, naye anaganda kwa hofu. Mwingine, Frank, anamchoma pomboo kwa chusa, na safari yake inaishia hapo, anafukuzwa. Mwishoni nahodha anahojiwa kuhusu vifo vile, Frank huyohuyo anasimama upande wake, kengele ya merikebu inalia, vijana wanamkumbatia. Muziki unapanda. Mtazamaji anaambiwa ahukumu kwa machozi yake.

Hapo ndipo ninapogombana na Scott. Mapenzi ya wanafunzi si ushahidi kwamba mwalimu alitenda sawa. Waliobaki hai wanaweza kumkumbatia. Gil ni mmoja wa waliokufa, na hakuna anayeuliza yeye angesema nini kuhusu siku ile ya mlingoti. Wamarekani wenyewe hawakutosheka na machozi: mwaka 1982 walitunga sheria ya vyombo vya matanga vinavyofundisha, na msiba wa Albatross ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma kuangalia uthabiti wa vyombo hivyo. Sheria haina muziki, ndiyo maana haimo.

Niseme kwa nini nilikwenda barazani. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulikuwa na mwanachuo mwenye kigugumizi, hodari sana wa hesabu. Wiki moja kabla ya mazoezi ya kufundisha nilimsimamisha mbele ya chuo kizima, asubuhi, asome taarifa ya habari. Niliamini namsaidia. Alikwama kwenye neno la tatu. Wenzake hawakucheka, na mimi sikumruhusu kukaa. Tulimsubiri, jua likitupiga, mpaka akaweka karatasi chini akaondoka.

Miaka mingi nilikuwa nikiwasimulia walimu wapya kisa hicho kama mfano wa kijana aliyekosa moyo. Wanachuo wa mwaka ule waliniaga kwa zawadi ya saa ya ukutani, na hotuba nzuri. Barua yake ya kuacha chuo niliigonga muhuri mwenyewe.