Ufundi wa Kutia Macho

Mwanasesere wa viungo vya tufe ni sanamu ndogo ya mtu, aghalabu ya resini ya poliurethani, ambayo viungo vyake vya shingo, mabega, viwiko, nyonga na magoti vimeumbwa kama tufe linalozunguka ndani ya kikombe chake, na mwili mzima ukashikanishwa kwa uzi wa lastiki unaopita ndani ya uwazi wa viungo hivyo, hata sanamu ikaweza kuketi, kusimama na kuinamisha kichwa bila ya kushikiliwa. Umbo hili lina nasaba ya Ulaya na ya Japani kwa pamoja: Hans Bellmer, msanii wa Kijerumani, alilitumia katika kazi zake za miaka ya 1930, wasanii wa Japani akiwemo Simon Yotsuya wakalipokea miongo mitatu baadaye, na mwaka 1999 kampuni ya Volks ya Kyoto ikaanza kuuza wanasesere wa Super Dollfie wenye kimo cha takriban sentimita 57, ambao mwenyewe angeweza kuwabadilisha wigi, rangi ya uso na macho. Katika mabadiliko hayo yote, la macho ndilo lenye ufundi uliojificha kuliko mengine, kwa kuwa fundi hulifanya akiwa nyuma ya uso asiouona, ilhali matokeo ya kazi yake huonekana upande wa mbele tu.

Kichwa cha mwanasesere huyu ni kitupu. Kisogo chake hukatwa kikawa kifuniko kinachoshikwa kwa sumaku, na kifuniko kikiondolewa huonekana upande wa ndani wa uso, wenye matundu mawili yaliyochongwa kama bakuli yanayolipokea jicho kutoka nyuma. Hakuna msumari wala gundi: jicho hushikwa kwa ulimbo laini unaonata bila kukauka, ili siku yoyote liweze kung'olewa na kuwekwa jingine. Ni kwa sababu hiyo ya kubadilika daima kwamba uchaguzi wa macho umekuwa elimu yenye adabu zake.

Wengi huanza na rangi, na hapo ndipo wanapopotea, kwa maana rangi ndiyo inayopaswa kuja mwisho. La kwanza ni kipenyo, yaani upana wa jicho kutoka ukingo hadi ukingo, ambao hutajwa kwa milimita: mwanasesere wa sentimita 60 mara nyingi huhitaji jicho la milimita 14 hadi 18, na yule wa sentimita 27 hutosheka na la milimita 10 hadi 14. Jicho likipungua kwa tundu lake huacha mwanya pembeni, na mwanga unaopenya hapo huufichua utupu wa kichwa. Likizidi, mbinuko wake hukwama kabla haujaufikia ukingo wa kope, na uso ukaonekana kama wa mtu anayechungulia kutoka nyuma ya pazia. Ndani ya kipimo hicho kuna kingine ambacho wauzaji hawakitaji sikuzote, nacho ni upana wa irisi, lile duara la rangi linaloizunguka mboni nyeusi ya katikati. Macho mawili yenye kipenyo kimoja cha milimita 16 yaweza kumfanya mwanasesere yule yule awe mtoto au mtu mzima, kwani irisi pana inayokaribia kuufunika weupe wote huleta sura ya utotoni, sawa na mtoto mchanga ambaye irisi zake zimekwisha kukaribia upana wa ukubwani huku uso wake ukiwa bado mdogo, ilhali irisi nyembamba iliyozungukwa na weupe huupa uso umri, tahadhari, na wakati mwingine ukali. Weupe wenyewe nao una rangi yake. Ule mkali wa karatasi, ukiwekwa katika uso wa resini ya hudhurungi, hung'aa kama taa mbili na kuufanya uso uliobaki ufifie, na hapo jicho lenye weupe uliopoa, unaoelekea rangi ya pembe za ndovu, hufaa zaidi.

Kuhusu maada, kioo kina uzito na kina ambavyo maada nyingine zimeviiga bila kuvifikia. Mji wa Lauscha, katika milima ya Thuringia nchini Ujerumani, ambako karakana ya kioo ilijengwa mwaka 1597, uliwalea mafundi wa macho ya wanasesere, na mmoja wao, Ludwig Müller-Uri, mwaka 1835 aliuhamisha ujuzi huo akaanza kuwatengenezea macho ya bandia watu waliopoteza yao. Hivyo huko Lauscha jicho la mwanasesere lilitangulia, na la binadamu likafuata. Fundi wa kioo hulipuliza jicho juu ya ndimi za moto, akachora irisi kwa nyuzi nyembamba za kioo cha rangi, kisha akaifunika kwa tabaka angavu. Akriliki, ambayo ni plastiki ngumu, ni nyepesi na haivunjiki kirahisi, lakini huingia mikwaruzo, na ile ya bei ndogo ina mng'ao wa kifungo cha shati. Silikoni ni laini, hubonyea na kuingia katika tundu lenye umbo gumu ambalo kioo kingelikataa, ila huvuta vumbi.

Lipo jambo la mwanga ambalo yafaa lielezwe kwa utuvu, maana ndilo linalowashangaza watu kuliko yote: baadhi ya macho haya humfuata mtazamaji aendako. Irisi ya macho hayo haikuchorwa juu ya mbinuko, bali imezamishwa ndani, chini ya kuba angavu, na mara nyingi imebonyezwa kama kisahani. Mtazamaji anaposogea kulia, ukuta wa kisahani ulio mbali naye ndio unaojitokeza zaidi machoni pake, na akili, iliyozoea macho ya watu yaliyobinuka nje, huitafsiri picha hiyo kuwa jicho limegeuka kumwelekea. Hakuna kilichogeuka.

Kutia jicho ndiko kiini cha kazi. Ulimbo husokotwa kama kigwe chembamba na kuzungushwa kwenye ukingo wa jicho, kisha jicho husukumwa kutoka ndani hadi lishike. Jicho la kioo kwa kawaida lina kikonyo nyuma yake, mfano wa kikonyo cha embe, na fundi hukishika hicho kwa vidole viwili akalielekeza jicho kwa misogeo isiyofika nusu milimita, akiugeuzia uso kwenye kioo cha kujitazamia ili aone anachokifanya. Ukubwa wa nusu milimita hiyo huelezwa vyema na Kiswahili chenyewe, lugha ambayo haikuridhika na neno moja la kuangalia. Weupe ukibaki juu ya irisi na chini yake, mwanasesere amekodoa macho. Irisi ikipandishwa kidogo hadi ukingo wa kope ya juu uimeze sehemu yake, amerembua. Zote mbili zikisogezwa upande mmoja, amekata jicho, na waliokulia penye lugha hii wanajua dharau iliyomo katika tendo hilo. Irisi zikikaa sambamba kabisa, kila moja katikati ya tundu lake, jambo ambalo anayejifunza hulidhania kuwa ndio usahihi wenyewe, uso huduwaa kama unatazama bahari. Ni mpaka macho yaelekezwe ndani kwa kiasi kidogo mno ndipo mwanasesere anapoonekana kumtazama aliye mbele yake, na kiasi hicho kikizidi, yakawa makengeza. Ili kuhakikisha, fundi huwasha tochi mbele ya uso na kuangalia vitone viwili vya mwanga: vikiangukia mahali pamoja katika kila jicho, macho yamelingana, na madaktari wa macho huwapima watoto wenye makengeza kwa njia hiyo hiyo. Wengine hukipindua kichwa juu chini ili waukague uso kwa jicho jipya.

Utaratibu huu wa kuingilia nyuma si uvumbuzi wa karne hii. Wachongaji wa Japani waliuita gyokugan, yaani macho ya vito, na sanamu tatu za Buda Amida na wasaidizi wake wawili katika hekalu la Chōgaku-ji mkoani Nara, za mwaka 1151, ndizo za kale zaidi zenye tarehe inayojulikana kutumia mbinu hiyo. Kichwa cha mti kilitobolewa ndani, kipande chembamba cha kwatzi, jiwe angavu kama kioo, kikawekwa kutoka nyuma, mboni ikachorwa mgongoni mwa jiwe hilo, karatasi nyeupe au pamba ikawekwa nyuma yake iwe weupe wa jicho, na vyote vikabanwa kwa kipande cha mti. Sanamu za watawa wa Kibuddha Muchaku na Seshin katika hekalu la Kōfuku-ji, zilizochongwa na Unkei na mafundi wake kufikia mwaka 1212, zina macho ya namna hiyo, yenye unyevu kama wa mtu aliyezuia machozi. Wamisri wa kale pia walijua thamani ya kwatzi: sanamu ya karani aliyeketi, iliyofukuliwa Saqqara na sasa iko katika makumbusho ya Louvre, inatazama kwa jiwe hilo hilo.

Kifuniko cha kisogo kikirudishwa, sumaku hushikana, wigi huvalishwa, na kazi yote hufichika. Hata hivyo haidumu. Joto huulegeza ulimbo, jicho huteremka unywele mmoja, na mwanasesere aliyekuwa akitazama huanza kusinzia. Fundi hukifungua tena kichwa na kukuta alama za vidole vyake mwenyewe zimebaki katika ulimbo, kila moja mahali aliposukuma. Huuondoa kwa kuufinyanga kuwa donge na kugusagusa nalo mabaki yaliyoganda tunduni hadi yote yashikamane na donge, hulifuta jicho kwa kitambaa kikavu, kisha husokota kigwe kipya.